NJIA ZA HEWANI NI MALI YA WOTE



Huenda wengine wakisoma kichwa hiki watasema Mhariri amepotea njia. Watasema: "Sisi twadai nyongeza ya mshahara, nyumba na malipo ya saa za ziada; yeye atuletea habari za mawimbi ya redio!" Twawaomba wasome mpaka mwisho ndipo wahukumu.

Kanuni za masafa ya redio ni kanuni za kazi yetu, kama zilivyo kanuni za taa na bendera. Dereva wa treni ana redio, na gadi anayo. Kikosi cha njia kinachobadilisha mataruma kati ya Ulu na Konza, kikitaka kujua upesi kama treni yaja, huuliza kwa redio ama kwa simu ya mkono. Vyote viwili vyapita hewani, na hewani kuna kanuni. Zikiwa nzuri, sauti yafika. Zikiwa mbovu, au zikiwa nzuri lakini hakuna azifuatishaye, sauti yapotea na mtu aweza kupotea nayo.

Nchi yetu, kama nchi nyingine zote, hulazimika kuzipitia kanuni hizi mara kwa mara. Katika kazi hiyo makampuni ya simu hupeleka mawakili na mainjinia wao, na wenye televisheni hupeleka wao. Je, mfanyakazi hupeleka nani? Hilo ndilo neno letu la leo.

MASAFA NI KITU GANI

Wazee wetu waliiita redio simu ya upepo. Jina lile lilikuwa zuri, ila lilifanya watu wadhani ya kuwa hewani ni uwanja wazi, kila mtu apite apendavyo. Sivyo. Mtu wa reli atafahamu upesi kuliko wengine. Kwenye njia moja, kati ya stesheni mbili, treni moja tu ndiyo yaruhusiwa kuwa njiani. Kabla haijaondoka, stesheni masta humwuliza mwenziwe wa mbele kama njia i wazi, na dereva hawezi kuondoka bila ya ruhusa mkononi. Hewani ni vivyo hivyo. Sauti mbili zikipita katika masafa yale yale, pahali pale pale, wakati ule ule, zagongana na zote mbili zaharibika. Tofauti ni kwamba ajali ya treni huonekana na kusikika, lakini ajali ya hewani haionekani. Mtu huita, hajibiwi, naye hajui kwa nini.

Tena masafa hayalingani. Yale ya chini, kama megahezi 700 na 800, huenda mbali na kupenya kuta, kwa hiyo mnara mmoja waweza kuhudumia kijiji kikubwa. Yale ya juu hubeba habari nyingi zaidi, lakini hayafiki mbali. Ndiyo sababu masafa ya chini yagombaniwa kama shamba lililo karibu na mto. Redio za FM nazo zina nafasi yao, toka megahezi 87.5 mpaka 108, na katika miji mikubwa nafasi hiyo imejaa.

Jambo moja zaidi la kukumbuka: masafa hayaishi kwa kutumiwa. Makaa ya mawe yakichomwa yamekwisha, lakini masafa yaliyotumiwa leo ni mapya kesho. Kwa hiyo hakuna awezaye kudai ya kuwa ameyanunua yakawa yake milele. Apewaye leseni amepewa ruhusa ya kupita. Hakupewa hati ya shamba.

SHERIA ILITOKA WAPI

Hapo zamani mambo haya yalikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, ndugu yake Shirika la Reli na Bandari. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikawa na shirika lake yenyewe. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 ikalikata shirika hilo mafungu matatu mwaka 1999: posta peke yake, simu peke yake, na Tume ya Mawasiliano iwe mwamuzi. Wafanyakazi wengi wa simu walipoteza kazi katika miaka iliyofuata, na jambo hilo vyama vya wafanyakazi havijalisahau. Sheria ilipotengenezwa tena mwaka 2013, Tume ikawa Mamlaka ya Mawasiliano, nayo ndiyo hugawa masafa, hutoza ada na hukamata wanaopita bila ruhusa.

Kanuni zenyewe za mawasiliano ya redio na masafa zilitungwa mwaka 2010. Fikirini hali ilivyokuwa mwaka ule. Simu za 4G hazikuwapo katika Kenya. Zilianza mwishoni mwa 2014. Televisheni nyingi zilikuwa bado za mtindo wa zamani wa analojia. Simu za 5G zilianza kuuzwa hapa Oktoba 2022, na mtandao wa setilaiti wa Starlink ukaingia Julai 2023. Kanuni iliyoshonwa kwa mtoto wa 2010 haiwezi kumtosha kijana wa leo.

Tena hatuko peke yetu. Mawimbi hayajui mpaka. Kila baada ya miaka mitatu au minne mataifa hukutana chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, uliozaliwa Paris mwaka 1865 kwa ajili ya simu za waya. Mkutano wa 2019 ulikuwa Sharm el-Sheikh, Misri, na wa 2023 ulikuwa Dubai. Yaliyokubaliwa huko huingizwa katika jedwali la masafa la kila nchi. Basi kurekebisha kanuni ni kazi isiyokwisha, kama kazi ya kushindilia kokoto chini ya reli. Ukiiacha, njia yalegea.

SOMO LA MELI NA SOMO LA TRENI

Ulimwengu ulijifunza kwa damu. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic iligonga mlima wa barafu, ikazama alfajiri ya tarehe 15, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Meli nyingine, Californian, haikuwa mbali. Lakini ilikuwa na mtu mmoja tu wa redio, naye, baada ya kazi ya siku nzima, alikuwa amekwisha kuzima chombo chake na kwenda kulala. Titanic ililia, na sikio la jirani lilikuwa limelala. Mwaka ule ule mataifa yakakutana London kutengeneza kanuni za redio, na mkataba wa usalama baharini wa 1914 ukaamuru zamu ya kusikiliza usiku na mchana.

Ndugu, tazameni vizuri. Watu husema lile lilikuwa kosa la mitambo, na sisi twasema lilikuwa pia jambo la zamu. Tajiri aliweka mtu mmoja mahali pa kazi ya watu wawili. Kwa hiyo masafa yaliyo safi hayatoshi kama hakuna mtu mwenye macho wa kuyasikiliza. Tunapodai watu wa zamu wawe wengi vya kutosha, twadai usalama wa abiria pia.

Somo la pili ni la juzi. Tarehe 25 Agosti 2023, karibu na Szczecin katika Poland, mtu alitoa sauti tatu za mlio katika masafa ya zamani ya reli. Sauti hizo kwa mtambo wa treni zina maana moja: simama sasa hivi! Treni kama ishirini zikasimama. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini kulikuwa na siri gani? Hakuna. Masafa yalijulikana, milio ilijulikana, na mtambo haukuweza kupambanua sauti ya mwenye mamlaka na sauti ya mhuni. Mfumo ule ulikuwa umezeeka, na kazi ya kuleta mpya ilikuwa haijamalizika.

Mfumo mpya nao una taabu yake. Katika Ulaya reli nyingi hutumia redio iitwayo GSM-R, ambayo husikiliza kati ya megahezi 921 na 925. Simu za watu wote zaanza hapo hapo, kwenye 925. Ilipojengwa minara ya simu yenye nguvu karibu na reli, redio za treni zikazibwa masikio katika sehemu nyingine. Ikawabidi wabadili vyombo na kupatana na makampuni mnara kwa mnara. Tena mfumo huo wenyewe unazeeka. Watengenezaji wake wamesema wataendelea kuutunza mpaka karibu na 2030, na nchi za Ulaya zimekwisha kutenga masafa ya mfumo utakaofuata, kati ya megahezi 1900 na 1910.

Haya si ya Ulaya tu. Mkutano wa Sharm el-Sheikh wa 2019 ulipitisha azimio ya kuwa nchi zilinganishe masafa ya redio za reli. Reli ya kisasa kutoka Mombasa ilifunguliwa mwaka 2017 na yapita katika nchi yetu ya Ukambani. Treni za abiria hufika Syokimau na kurudi mjini kila siku ya kazi. Mavoko yajaa viwanda, nyumba na minara kila mwaka. Nafasi ya redio za reli yafaa iandikwe na kulindwa leo, kabla jirani hajajenga. Kesho itakuwa kesi mahakamani, na kesi haisimamishi treni.

TUSISAHAU TULIVYOTENDEWA KWA TELEVISHENI

Mwaka 2006, huko Geneva, mataifa ya Afrika na ya Ulaya yalipatana ya kuwa televisheni zihamie mfumo wa dijitali, na tarehe ya mwisho ikawekwa 17 Juni 2015. Jambo lenyewe lilikuwa jema, maana dijitali hutumia nafasi ndogo, na masafa yanayobaki yafaa kwa simu. Lakini lilifanywaje hapa kwetu? Serikali na wenye stesheni wakavutana mahakamani mpaka Mahakama ya Juu. Februari 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, na stesheni kubwa za televisheni za watu binafsi zikawa gizani kwa karibu wiki tatu. Mwananchi aliyetaka kuona picha akaambiwa anunue king'amuzi kwa fedha zake.

Hapo ndipo pana fundisho. Gharama ya kuhama ilibebwa na mnunuzi wa king'amuzi, yaani mimi na wewe. Masafa yaliyookolewa kwa gharama hiyo, yale mazuri ya megahezi 700 na 800 yaendayo mbali, ni ya biashara ya simu. Hatusemi makampuni yasipewe. Twasema aliyelipia shamba kusafishwa ana haki ya kuuliza mavuno yafika wapi. Je, yafika Masinga? Yafika Yatta na Mwala? Au yaishia pale penye barabara ya lami na watu wenye fedha?

MWETHYA WA HEWANI

Sisi wa Machakos twajua kazi ya mwethya. Matuta yaliyookoa udongo wa milima hii hayakuchimbwa na kampuni. Yalichimbwa na vikundi vya majirani, wengi wao kina mama, leo kwako na kesho kwangu. Hewani pia kazi ya namna hiyo yawezekana. Redio Mang'elete, huko Nthongoni katika Makueni, ilitokana na vikundi vya kina mama, nayo husema na wakulima kwa Kikamba juu ya mvua, mbegu na afya. Haikungojea tajiri.

Tena yako masafa yaliyolala. Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, masafa ya televisheni yasiyotumika pale yalijaribiwa kupeleka mtandao kwenye shule na zahanati zisizokuwa na umeme wa nyaya, kwa nguvu ya jua. Ilifanikiwa. Hata hivyo utaratibu wa kuyaruhusu masafa hayo ulitolewa na Mamlaka mwaka 2021. Miaka minane! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ya majaribio alikuwa amekwisha kumaliza darasa la nane. Mwaka huo huo wa 2021 ulitoka pia utaratibu wa leseni nyepesi kwa mitandao ya vijiji, na kwa hilo twaisifu Mamlaka. Penye jema tuseme ni jema. Lakini utaratibu ni karatasi. Kikundi cha Kathiani au Kangundo kitapata faida siku kitakapoelezwa kwa lugha yake namna ya kuomba, kwa ada kinayoiweza, na kujibiwa upesi.

TWATAKA NINI

Kwa hiyo, kila wakati kanuni za masafa zinapofunguliwa ili kurekebishwa, chama chetu yafaa kiwe na maneno haya mezani:

1. Masafa ya usalama wa reli yatengwe kwa jina katika jedwali la nchi, pamoja na nafasi ya ulinzi pembeni yake. Asiruhusiwe mtu kujenga mnara wenye nguvu kando ya njia kabla redio za treni hazijapimwa.

2. Redio za usalama za wafanyakazi zisitozwe ada kama bidhaa ya anasa. Mwajiri akilalamika ya kuwa ada ni kubwa, atapunguza idadi ya redio, na atakayekosa redio ni mtu wa chini kabisa aliye njiani na nyundo.

3. Mfumo ukibadilishwa, muda wa kuhama utangazwe mapema, na wafanyakazi wafundishwe katika saa za kazi kwa mshahara wao. Asifukuzwe mtu kwa sababu chombo kimebadilika.

4. Aliyepewa masafa ayatumie. Akiyalaza miaka na miaka huku vijiji havina simu, arudishe, wapewe wengine. Masharti ya kuhudumia mashambani yaandikwe katika leseni na yakaguliwe.

5. Nafasi ya redio za jamii na mitandao ya vijiji ilindwe, isimezwe na mnada. Mnada humpa mwenye mfuko mnene, na kijiji hakina mfuko.

6. Rasimu itolewe kwa Kiswahili pia. Katiba ya 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Kanuni isiyosomeka kwa mtu wa pointi haijamfikia mtu wa pointi.

Wako wanaojibu ya kwamba mambo haya ni ya mainjinia, na mtu wa darasa la misheni ataongeza nini? Twawajibu kwa adabu. Kupima megahezi ni kazi ya injinia, nasi twamwachia. Lakini nani apite kwanza, nani alipe, nani alindwe: hayo ni mambo ya haki, na katika mambo ya haki kila mtu mwenye akili timamu ana neno.

Wengine wanaogopa ya kwamba tukidai kanuni kali, Serikali itazitumia kufunga vinywa. Hofu hiyo si ya bure. Siku zile za Februari 2015 watu waliona jinsi sauti zinavyoweza kuzimwa kwa jambo la leseni. Ndiyo sababu twataka kanuni iandikwe wazi, na mwamuzi awe mwamuzi kweli. Katiba, kifungu cha 34, yasema utoaji wa leseni za hewani usiwe chini ya utawala wa Serikali, wala wa siasa, wala wa biashara. Watu hulikumbuka neno la Serikali na la siasa. Sisi twawakumbusha na lile la biashara.

LA KUFANYA

Iko sheria ya 2013 juu ya kanuni zinazotungwa na mawaziri na mamlaka za Serikali. Yasema mambo matatu yafaayo kukaririwa na kila katibu wa tawi. Kwanza, watakaoguswa na kanuni waulizwe kabla haijatungwa. Pili, kanuni ipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kutangazwa, na Bunge laweza kuitangua. Tatu, kanuni hufa yenyewe ikitimiza miaka kumi, isipokuwa imeongezewa muda, tena mara moja na kwa miezi isiyozidi kumi na miwili. Maana yake ni kwamba mlango huu hauwezi kufungwa daima. Lazima ufunguliwe tena na tena. Aliyekosa kuingia jana aweza kuingia kesho, mradi awe amesimama mlangoni.

Basi twaomba kila tawi lifanye haya. Wekeni daftari. Kila mara redio inapokataa kusikika, mwandike tarehe, saa, pahali, masafa kama yajulikana, na lililosikika. Msiandike matusi, andikeni habari. Daftari la miezi sita lenye mistari mia litasikilizwa kuliko hotuba ya saa nzima. Tangazo la kutoa maoni likitoka, katibu alisome mkutanoni, liandikiwe barua yenye mihuri, na nakala ipelekwe kwa mbunge. Mkutano ukiitwa Machakos mjini au Nairobi, tupeleke watu wanaoijua kazi: dereva mmoja, gadi mmoja, na mtu wa kikosi cha njia. Wasemeje kwa Kiingereza? Wasemee Kiswahili, na wakubwa watatafsiriwa.

Tena tusikae peke yetu. Watu wa bandari hutumia redio. Madereva wa magari ya hospitali, wazima moto, askari wa misitu, mabaharia, wote wapita katika njia hizi hizi. Tukiandika barua moja yenye majina ya vyama vitano, itakuwa vigumu kuiweka chini ya meza.

Reli ilipopita nchi hii mwaka 1899, babu zetu hawakuulizwa njia ipite wapi. Mji wa Machakos ukaachwa kando, na Nairobi ikawa mji mkuu. Njia ya chuma ikishalazwa ni taabu kuihamisha. Njia za hewani bado zinalazwa mwaka hata mwaka, na safari hii sheria yasema tuulizwe. Tujibu.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI